Je, Wajua? Mkono Haupo, Maumivu Yapo

Je, wajua kwamba mkono unaweza kukatwa leo, ukateketezwa kesho kwenye tanuri la hospitali, na mwakani bado ukamwasha mwenyewe usiku kucha?

Ukitaka ushahidi huna haja ya kwenda mbali. Kati ya Ruiru na Thika kuna machimbo ya mawe ya Ndarugo, kuna viwanda, kuna mashine za kukatia majani ya ng'ombe kwenye maboma, na kuna nduthi zinazokatiza barabara kuu usiku na mchana. Kazi na safari hizo zimewaachia watu vigutu. Muulize mwenye kigutu, lakini umuulize kwa heshima, maana wengi hulificha jambo hili wakihofia kuambiwa wamerukwa na akili. Akikuamini atakueleza kwamba kiganja kisichokuwepo kimekunja ngumi na kucha zinamchoma. Kwamba kidole gumba cha mguu uliokwenda kimepinda na hakuna wa kukinyoosha. Kwamba kuna moto, au mshtuko wa umeme, mahali ambapo wewe ukipapasa unashika hewa.

Hayo ndiyo maumivu ya kiungo hewa, nayo ni tofauti na maumivu ya kigutu. Kigutu kikiuma, kuna kidonda, kuna mfupa unaochoma, au kuna neva iliyoota kinundu pale ilipokatwa, na daktari anaweza kukugusa pale pale ukaruka. Kiungo hewa hakina pa kugusa. Wala wanaougua si wachache: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipojumlisha tafiti za nchi nyingi mwaka 2020, walikuta kwamba asilimia 64 ya watu waliokatwa viungo hupata maumivu haya. Ama kuhisi tu kwamba kiungo bado kipo, pasipo kuuma, huwapata karibu wote.

Wakenya wanawafahamu wafanyakazi hewa. Jina limo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo kazini, na kila mwisho wa mwezi hela zinatoka. Ubongo nao una orodha yake ya viungo, na kisu cha daktari hakiifikii. Unaendelea kuuamuru mkono ujikunje, ujikunjue, ushike kikombe. Majibu hayaji. Tiba tutakazozisimulia hapa, kuanzia kioo cha kujitazamia hadi miwani ya uhalisia pepe, hazijaribu kulifuta jina hilo. Zinamrudisha mfanyakazi kazini kwa picha tu, na ajabu ni kwamba mara nyingi ubongo unaridhika.

Mgonjwa wa kubuni aliyechangiwa pesa

Je, wajua kwamba mtu aliyeuleta mkono hewa mbele ya umma hakuanza kwa kuuandika kama daktari? Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa majeshi ya Ufaransa katika karne ya 16, alikuwa ameshataja kwamba askari aliowakata miguu walilalamikia miguu hiyo hiyo. Jambo likasahauliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikazalisha vigutu kwa maelfu, na Silas Weir Mitchell, daktari wa neva wa Philadelphia, akawa anawasikiliza majeruhi kila siku. Mwaka 1866 jarida la Atlantic Monthly lilitoa hadithi yake bila jina la mwandishi. Ilimhusu George Dedlow, askari aliyepoteza mikono yote na miguu yote. Mwisho wa hadithi Dedlow anapelekwa kwenye kikao cha kuita mizimu, na wanaokuja si jamaa zake waliokufa bali ni miguu yake mwenyewe, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye pombe katika jumba la makumbusho la jeshi. Anasimama juu yake, anatembea hatua chache, kisha inayeyuka na anaanguka.

Wasomaji waliamini kila neno. Walituma michango ya pesa kwa Dedlow, na wengine wakafunga safari hadi hospitali iliyotajwa ili wamjulie hali. Miaka mitano baadaye, 1871, Mitchell akaandika jambo hilo kwa jina lake, na ndipo kiungo hewa kikapata jina katika tiba ya Kizungu. Mitchell huyo huyo ndiye aliyeeleza vizuri maumivu ya kuungua yanayoufuata mshipa wa neva uliojeruhiwa kwa risasi, hata pale ambapo mkono haukukatwa. Tutayarudia, kwa sababu yanawahusu waendeshaji boda.

Mapema zaidi, mwaka 1797, Admirali Nelson wa Uingereza alipoteza mkono wa kulia akishambulia Santa Cruz kisiwani Tenerife. Inasimuliwa kwamba vidole vyake hewa viliendelea kukichoma kiganja, naye akauona kuwa ni uthibitisho wa kuwepo kwa roho: kama mkono unaweza kuishi baada ya kukatwa, mbona mtu asiishi baada ya kufa? Hoja haikosi mvuto, ila haikumpunguzia maumivu.

Shavu lenye vidole

Je, wajua kwamba kuna watu ambao ukiwagusa shavuni wanahisi umewagusa kidole gumba cha mkono usiokuwepo? Sababu inaweza kuwa ujirani. Mwaka 1937, Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey, huko Montreal, walichapisha ramani ya mwili kama ilivyo kwenye gamba la ubongo. Waliipata kwa kuugusa ubongo kwa umeme mdogo wakati wa upasuaji, mgonjwa akiwa macho na akisema anahisi nini. Katika ramani hiyo uso umepakana na mkono. Mkono ukiondoka, ilidhaniwa kwamba uso unajitanua na kukalia kiwanja kilichoachwa wazi, na kwamba kadiri unyakuzi huo unavyokuwa mkubwa ndivyo maumivu yanavyozidi. Kundi la Herta Flor nchini Ujerumani lilichapisha vipimo vilivyoelekea huko mwaka 1995.

Nadharia hiyo ilifundishwa vyuoni kwa miaka mingi, na bado imo vitabuni. Lakini Tamar Makin, mwanasayansi anayefanya kazi Uingereza, alikataa kuimeza. Mwaka 2013 yeye na wenzake walionyesha kwamba watu wenye maumivu makali zaidi ndio ambao ramani ya mkono wao uliopotea ilikuwa bado imara. Mwaka 2025 kundi lake lilitoa matokeo magumu zaidi kuyapinga: waliwapima watu watatu kabla mikono yao haijakatwa, wakawapima tena baada ya kukatwa, hadi miaka mitano. Ramani ya mkono ilikuwa pale pale. Hakuna jirani aliyehamia. Mimi namwamini Makin, kwa sababu ndogo tu: wengine walilinganisha watu tofauti, yeye aliwalinganisha watu wale wale kabla na baada.

Tazama hilo lina maana gani kwa mtengenezaji wa mkono wa bandia. Ikiwa ramani haifutiki, basi mtu aliyekatwa mkono miaka 20 iliyopita bado ana mahali ubongoni pa kuuendesha mpya.

Daktari aliyemkata mtu mkono usiokuwepo

Je, wajua kwamba tiba ya kwanza iliyouonyesha ubongo mkono uliopotea ilitengenezwa kwa boksi la katoni na kioo? V. S. Ramachandran, mzaliwa wa Tamil Nadu nchini India aliyekuwa akifundisha San Diego, alikuwa na mgonjwa aliyerushwa na pikipiki kwenye barabara kuu. Neva za bega la kushoto zilinyofoka. Mkono ukabaki ukining'inia umekufa, na baada ya mwaka mmoja ukakatwa. Kwa miaka kumi baada ya hapo mkono hewa ulibaki umeganda vile vile ulivyokuwa umeganda wakati wa uhai wake, ukiuma kiwiko na vidole.

Fikra ya Ramachandran ilikuwa kwamba ubongo ulijifunza kupooza. Katika mwaka ule mmoja, kila ulipotuma amri, macho yaliujibu kuwa mkono haujasogea. Somo hilo likaingia. Je, likitolewa kwa njia ile ile lililoingilia? Akasimamisha kioo katikati ya boksi, mgonjwa akauingiza mkono mzima upande mmoja, na katika kioo akaona mkono wa pili umerudi mahali pake. Alipoambiwa aisogeze yote miwili, alipiga kelele kwamba mkono wa kushoto unasogea, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi. Akafumba macho, ukaganda. Akafumbua, ukasogea.

Alipewa boksi aende nalo nyumbani. Baada ya wiki kama tatu za mazoezi alipiga simu akiwa amechanganyikiwa: mkono hewa ulikuwa umetoweka, isipokuwa vidole, ambavyo sasa vilining'inia begani. Maumivu ya kiwiko yalikuwa yamekwisha kwa kuwa kiwiko hakikuwepo tena. Ya vidole yalibaki. Ramachandran alipenda kutania kwamba huo ndio upasuaji wa kwanza wenye mafanikio wa kukata mkono hewa.

Hadithi ya mtu mmoja ni tamu lakini haitoshi. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, waliwagawa askari waliokatwa mguu mmoja katika makundi matatu ya watu sita sita, dakika 15 kwa siku kwa wiki nne. Waliotazama kioo, wote sita walipungukiwa na maumivu. Waliowekewa kioo kilichofunikwa kwa shuka, mmoja tu ndiye aliyepata nafuu. Walioambiwa wafumbe macho na kuuwazia mguu wao ukisogea, wawili walipata nafuu na wanne wakazidi kuumia. Watu 18 ni wachache, na majaribio yaliyofuata kwingineko hayakuwa na matokeo mazuri hivyo kila mara. Hata hivyo, dawa nyingi za maumivu zingetamani kuanza na picha kama hiyo.

Neno moja kwa anayetaka kujaribu nyumbani, akiwa na afya zake. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walificha mkono wa mtu nyuma ya kizuizi, wakamwekea mkono wa mpira mbele ya macho, wakavipapasa vidole vya mikono yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi mtu anaanza kuuhisi ule wa mpira kuwa wake. Glavu ya kuoshea vyombo iliyojazwa vitambaa inafaa, mradi brashi mbili zisipishane. Ndugu yako akiupiga ule wa mpira ghafla kwa rula, utashtuka, na hapo utakuwa umeelewa nusu ya sayansi yote hii.

Kutoka kioo hadi miwani

Kioo kina kasoro moja kubwa: kinahitaji mkono mzima wa kukopa sura yake. Aliyepoteza yote miwili hana cha kuakisi. Tena kinamfunga mtu mahali pamoja, na mkono mzima ndio unaofanya kazi huku kigutu kimestarehe.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walianza kuwavalisha wagonjwa miwani inayoziba macho yote na kuwaingiza katika chumba kilichochorwa na kompyuta. Glavu yenye vihisio ilisoma mienendo ya mkono mzima, na kompyuta ikaihamishia upande wa pili. Kilikuwa kioo kile kile, ila kwa gharama ya kompyuta kubwa. Hatua yenye kishindo zaidi ilitoka Gothenburg, Sweden. Max Ortiz-Catalan na wenzake waliachana na mkono mzima kabisa. Walibandika elektrodi juu ya ngozi ya kigutu zikanase umeme hafifu wa misuli iliyobaki, kompyuta ikajifunza kwamba umeme wa namna hii ni kukunja ngumi na wa namna ile ni kugeuza kiganja. Mgonjwa alijiona kwenye skrini kupitia kamera ya kawaida, mkono wa kuchora ukiwa umepachikwa kwenye kigutu chake. Aliuendesha kwa kujaribu kweli kuusogeza mkono wake hewa, na kisha akapewa mchezo wa kuendesha gari la mashindano kwa mkono huo.

Mgonjwa wao wa kwanza, ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 2014, alikuwa ameishi na maumivu kwa miaka 48. Vidonge, kioo, na njia nyingine hazikumsaidia. Kwa njia hii alianza kupata vipindi vya kutoumia kabisa, na mkono hewa uliokuwa umekaza ngumi ukafunguka. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya watu 14, wote wakiwa ni wale ambao tiba nyingine zilishindwa kuwasaidia. Baada ya vikao 12, kiasi ambacho maumivu yalivuruga usingizi wao kilipungua kwa asilimia 61, na kiasi ambacho yalivuruga shughuli za mchana kilipungua kwa asilimia 43.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi, la kulinganisha wanaouendesha mkono hewa kwa misuli na wanaouwazia tu, makundi yote mawili yakiwa mbele ya picha za kompyuta. Maumivu yalipungua kwa wote, na tofauti kati ya makundi haikuonekana. Kwa hiyo huenda siri si elektrodi. Huenda ni kule kukaa na mkono uliopotea, kuushughulikia, kwa saa nyingi na kwa mpango. Wauzaji wa miwani hawatalitangaza hilo kwenye mabango.

Bega, nduthi, na milimita moja

Je, wajua kwamba neva iliyokatika huota kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku? Fanya hesabu. Kijana ameanguka na nduthi karibu na stendi ya Juja. Bega limegonga lami, kichwa kimevutwa upande wa pili, na mtandao wa neva unaotoka shingoni kwenda mkononi umenyooshwa hadi ukakatika. Kutoka begani hadi ncha za vidole ni kama sentimita 70, yaani milimita 700, yaani karibu miaka miwili ya kuota, ikiwa kila kitu kitakwenda sawa. Tatizo ni kwamba misuli haisubiri. Ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva, inaanza kupoteza uwezo wa kuamka. Ndiyo maana mkono uliolegea baada ya ajali si wa kuusubiria nyumbani "upate nafuu wenyewe" msimu hadi msimu. Madaktari wa neva wanapenda kumwona mgonjwa katika miezi ya mwanzo, kwa maana upasuaji uliochelewa hata ukifanywa vizuri hukuta misuli imeshapoteza uwezo huo.

Pale neva zilipong'oka kabisa kwenye uti wa mgongo, hakuna cha kuunga. Daktari hukopa. Anachukua neva zinazoendesha misuli ya katikati ya mbavu, zile za kuvutia pumzi, anaziunganisha na neva ya msuli wa juu ya mkono unaokunja kiwiko. Miezi inapita. Siku moja mgonjwa anakohoa, na kiwiko kinajikunja. Kwa kipindi fulani hawezi kukikunja bila kuvuta pumzi kwa nguvu, kwa sababu ubongo bado unaamini kwamba waya ule ni wa mbavu. Kidogo kidogo, kwa mazoezi mengi, unaachana na pumzi na kuuita mkono moja kwa moja. Mafunzo haya ndiyo mahali ambapo picha za kompyuta na elektrodi zinafaa hasa, maana mwanzoni msuli unatoa umeme hafifu kiasi kwamba mkono hausogei hata kidogo. Mgonjwa anayetazama mkono uliolala anakata tamaa. Anayeona mstari ukipanda kwenye skrini, au mkono wa kuchora ukiinuka, anajua kuna kitu, na anarudi kesho.

Na yale maumivu ya kuungua ya Mitchell? Mtu mwenye neva za bega zilizong'oka anaweza kuwa na mkono wake mzima, mwenye ngozi na kucha, na bado akapata maumivu yanayofanana na ya kiungo hewa. Wengine huhisi mkono wa tatu, umekaa mahali tofauti na ule wanaouona. Familia nyingi hazielewi. Wanaona mkono upo, basi malalamiko ni ya nini?

Kaunti hii ya Kiambu ina rekodi yake nzuri katika habari za neva. Januari 2018 kijana wa miaka 17 wa Kiambu alikatwa kiganja na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta wakakiunga tena kwa upasuaji wa takriban saa saba: mifupa, mishipa ya damu, kano, na neva. Jambo kama hilo likikufika, usikitie kiungo kilichokatika kwenye barafu moja kwa moja, maana barafu inaua nyama. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio uuweke kwenye maji ya barafu. Halafu nenda hospitali, usipitie popote.

Theluji kwa walioungua

Je, wajua kwamba miwani hii ilianza kupunguza maumivu kwa njia isiyohusu mkono hewa hata kidogo? Mwaka 1996 Hunter Hoffman na David Patterson, huko Seattle, walianza kazi iliyozaa SnowWorld, ulimwengu wa kompyuta wenye bonde la barafu ambamo mgonjwa anarushia mipira ya theluji sanamu na pengwini huku wauguzi wakisafisha kidonda chake cha moto. Kusafisha kidonda cha moto ni mateso hata kwa mtu aliyepewa mofini. Walioingia kwenye theluji walisema maumivu yao yamepungua, na vipimo vya ubongo vilikubaliana nao. Umakini wa binadamu una mpaka: ukiwa umejaa pengwini, maumivu yanabanwa kwenye nafasi iliyobaki. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha programu ya miwani kwa ajili ya maumivu sugu ya mgongo, mgonjwa akiitumia nyumbani kwake.

Kuna jambo jingine ambalo nimelipenda kwa urahisi wake. Mwaka 2008 Lorimer Moseley na wenzake waliwapa watu wenye maumivu sugu ya mkono darubini, wakautazama mkono wao ukiwa umekuzwa wakati wanausogeza. Uliwauma zaidi na ukavimba zaidi. Walipoigeuza darubini, mkono ukaonekana mdogo, maumivu na uvimbe vikapungua. Uvimbe! Si hisia tu. Jicho liliamua mkono uvimbe kiasi gani.

Na kwa waliopooza miguu, Miguel Nicolelis wa Brazil aliwafundisha watu wanane, waliopooza kwa kati ya miaka 3 na 13, kuwaza kutembea wakati miwani inawaonyesha miili yao ya kuchora ikitembea uwanjani. Mitetemo kwenye mikono yao iliiga nyasi au mchanga chini ya nyayo. Baada ya mwaka mmoja, nusu yao walikuwa wamepandishwa daraja kutoka waliopooza kabisa hadi waliopooza kwa sehemu, na wote walikuwa wameanza kuhisi kitu fulani chini ya jeraha.

Kutoka Kikuyu hadi Juja

Je, wajua kwamba mkono wa bandia unaosikiliza ubongo umetengenezwa katika kaunti hii hii? Moses Kiuna na David Gathu, vijana wa Kikuyu, walitengeneza mkono wao wa kwanza mwaka 2012 baada ya jirani yao kupoteza mkono katika ajali ya kiwandani. Baadaye wakaunda mwingine unaoendeshwa na mawimbi ya ubongo yanayonaswa kichwani, wakitumia mbao na vyuma chakavu vya vifaa vya umeme. Na mkono wa bandia si pambo. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 1999 uliwakuta watu wanaotumia kila mara mkono wa bandia unaoendeshwa na misuli wakiwa na maumivu hewa madogo kuliko wasioutumia.

JKUAT pale Juja inafundisha uhandisi wa mekatroniki na inafundisha udaktari katika chuo kimoja, na Hospitali ya Thika Level 5 iko kilomita chache tu kutoka hapo. Ortiz-Catalan aliitoa bure mwaka 2013 programu ya kusoma umeme wa misuli, BioPatRec, kila mtu aitazame na kuibadilisha. Kamera ya laptopu ipo. Elektrodi za kubandika ni zile zile za kupimia moyo. Mwanafunzi anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho na ambaye amechoka na mifumo ya kumwagilia nyanya kwa simu anaweza kulifikiria hili. Fundi wa viungo bandia naye hahitaji kutoka nje ya Afrika Mashariki kwa masomo: chuo cha TATCOT mjini Moshi kinawafundisha tangu 1981, na hospitali ya CoRSU, barabara ya Entebbe nchini Uganda, imewahi kuchapa vifaa vya miguu bandia ya watoto kwa mashine ya kuchapia vitu.

Kabla ya yote hayo kuna kioo. Mkanada Stephen Sumner, ambaye alipoteza mguu kwa ajali ya pikipiki na akajitibu mwenyewe kwa kioo, alijaza vioo kwenye baiskeli akazunguka vijiji vya Kambodia akiwagawia waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini na kuwafundisha namna ya kuvitumia. Kioo kisimamishwe kati ya miguu au mikono, kigutu kijifiche nyuma yake, vua pete na saa kwenye mkono mzima ili picha isikatae kuwa mkono wa pili, sogeza taratibu pande zote mbili kwa pamoja, dakika 15 kila siku. Kizunguzungu au kuzidi kwa maumivu siku za mwanzo hutokea. Yakiendelea, acha na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Mwenye kifafa aulize daktari kabla ya kuvaa miwani.

Bado kuna fumbo ambalo hakuna kioo wala miwani iliyolitegua. Je, wajua kwamba hata baadhi ya watu waliozaliwa bila mikono wanayo mikono hewa? Mwaka 1964 daktari wa Ujerumani, Klaus Poeck, aliandika habari za msichana wa miaka 11 aliyezaliwa bila mikono ya chini wala viganja. Shuleni alijifunza hesabu kama watoto wenzake: aliiweka mikono yake hewa juu ya dawati, akanyoosha vidole, akavihesabu kimoja kimoja.